Majaribio Kumi na Manne ya Folda ya Wote

Mimi nina hasira za karibu, na sisemi hivyo kwa kuomba radhi. Nilizaliwa Jumanne. Babu yangu Dirghaman naye alizaliwa Jumanne, na mtaani kwetu hapa Patan kila mtu anajua kwamba watoto wa Jumanne hawachezewi. Mtu akisema Hirashova Joshi ni mkali, namwambia ahsante, umenifahamu.

Ila ukitaka kunijua sawasawa, uliza habari za Patro.

Kalenda yetu ina ukorofi wake. Mwezi wa Asar mwaka mmoja una siku thelathini na moja, mwaka mwingine una thelathini na mbili, na hakuna kanuni ya kukariri shuleni ikakutoa. Wanajimu hulifuata jua linavyohama, wanapiga hesabu, kalenda inachapishwa, basi. Halafu zikaja kompyuta, zenyewe zinajua Januari na Februari tu. Mwaka 2064 wa kwetu (hesabu yetu iko mbele ya ile ya kizungu kwa miaka hamsini na sita au saba), nikifundisha kompyuta katika chuo kimoja, nilijifungia na kalenda za marehemu babu. Nikaingiza urefu wa kila mwezi wa kila mwaka, kuanzia 1975 mpaka 2090, ambako hesabu zilizokubaliwa zinaishia. Mistari mia moja na kumi na sita, na sikukosea hata mmoja. Nasema tena, hata mmoja.

Juu ya jedwali hilo ndipo nilipoijenga Patro. Ni maktaba ya programu, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa, ambayo mtu mwingine huichomeka kwenye mfumo wake badala ya kuanza upya. Unaipa tarehe ya kwetu, inakupa ya kizungu. Unaiuliza siku ngapi tangu lini mpaka lini, inakujibu. Niliitoa bure. Leo imo kwenye shule, zahanati, ofisi za kata, mifumo ya bima. Ukisajili mtoto wilaya ya Jumla au mji wa Birgunj, ile tarehe inayotokea kwenye karatasi imepita mikononi mwangu. Najivuna? Sana tu. Nani kasema kujivuna ni dhambi?

Kujivuna kwenyewe nimerithi. Babu alikuwa mnajimu, kama baba yake na baba wa baba yake; sisi akina Joshi ndiyo kazi yetu. Alipotimiza miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba, tulimvalisha hariri, tukampandisha kwenye kigari, tukamvuta kuzunguka mtaa kama desturi inavyotaka. Sasa kulikuwa na mnajimu mwingine, mpinzani wake, mwenye duka la vyombo vya shaba pale kona. Huyo alikuwa amekwisha kutangaza mtaa mzima kwamba tumekosea siku. Babu, mashada ya maua yakimfika puani, alimwona amesimama mlangoni kwake, akasimamisha kigari.

"Siku elfu ishirini na nane, mia tatu arobaini na nane!" alipiga kelele. "Nenda kahesabu!"

Alikuwa amezihesabu kwa penseli nyuma ya bahasha, moja moja, tangu siku aliyozaliwa, bila jedwali la mtu. Yule bwana akaingia ndani, akahesabu kwa siku tatu, akarudi kwetu na chungu cha maziwa mgando kukubali kushindwa. Babu aliyala yote peke yake. Majira ya baridi yale yale alitutoka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na ile namba sijaisahau.

Basi ndiyo maana jaribio la kwanza kabisa nililoliandikia Patro lilikuwa la babu. Jaribio, kwa asiyejua, ni swali dogo ambalo kompyuta huiuliza programu kila inapoguswa: jibu likiwa sawa linawaka kijani, likiwa kombo linawaka nyekundu. Babu alizaliwa Phagun tarehe tisa, 1973. Jedwali langu linaanza 1975. Nikaandika hivi: ukiulizwa siku aliyozaliwa babu, kataa, sema tarehe haipo. Ulikuwa utani kati yangu na marehemu, kwamba yeye alihesabu siku zote hizo na mjukuu wake hamfikii hata ile ya kwanza. Nililiandika huku nacheka na huku machozi yananitoka.

Majaribio yote niliyaweka mahali pamoja, kwenye folda niliyoiita Wote. Baadaye watu wakajiunga, tukawa wanane tunaoitunza Patro, na mimi nikaandika sharti: Patro ina mlango mmoja kwa watumiaji, lakini nyuma ya mlango injini yoyote, yaani programu ya kupiga hesabu, inaweza kufanya kazi, mradi ifaulu majaribio yote ya Folda ya Wote. Likifeli moja, haingii. Sharti hilo liliishi miaka kumi na minane bila kumsumbua mtu, kwa sababu injini ilikuwa moja tu. Ya kwangu.

Mpaka alipotokea Phulmati.

Phulmati Chaudhari ni Mtharu wa Dang, huko nyanda za chini, miaka ishirini na saba. Mwezi wa Saun alituletea injini mpya. Haikuwa na jedwali hata kidogo. Ilikokotoa mwendo wa jua kwa kanuni za kale, zile zile za kina babu, alizofundishwa na kuhani mmoja mzee wa Tulsipur, akatoa urefu wa mwezi wowote wa mwaka wowote, nyuma na mbele. Kati ya majaribio mia mbili na kumi na mawili, kumi na manne yalifeli. Sikufungua hata kuona ni yapi. Nilimjibu kwa mstari mmoja: "Kumi na manne nyekundu. Rekebisha kwanza."

Akaandika kuomba tujadili. Nikamjibu kwamba sharti ni sharti. Akaandika tena, safari hii kwa kila mmoja wetu, kwamba Jumamosi ya pili ya mwezi wa Bhadau atakuwa Patan, na tukipenda tusipende atapanda ngazi.

Jumamosi ni siku yetu ya kikao. Tunakutana kwangu, ghorofa ya tatu, tunakaa kwenye mikeka kwa kufuata ukongwe, mimi mwanzo wa mkeka, wa mwisho kujiunga karibu na mlango. Nawaandalia baji, mchele wetu wa kupondwa, na nyama ya nyati ya kuchoma yenye pilipili ya kutosha, na kazi haianzi mpaka sahani ziwe tupu. Jikoni ni ghorofa ya juu kabisa, na huko hapandi mgeni.

Phulmati alifika kabla ya saa nne, mkoba mgongoni, kandambili zimeachwa mlangoni. Alikuwa mwembamba, macho makavu. Nikamwonyesha mwisho wa mkeka. Akakaa bila kinyongo, akala, akaomba pilipili zaidi. Nikasema moyoni, huyu naye kumbe si wa mchezo.

"Haya," nilisema sahani zilipoondoka. "Umesafiri mbali kuja kusikia nilichokwisha kukuandikia."

"Nimesafiri mbali ili uniambie usoni, dada," alisema. "Kwenye simu unaandika kifupi mno."

Kaka Ratnaman Maharjan akacheka mpaka akakohoa. Huyo ni wa pili kwa ukongwe, mwalimu wa chuo, na kazi yake kubwa duniani ni kunichokoza.

Phulmati akafungua mkoba, akatoa bahasha ya plastiki. Ndani mlikuwa na karatasi ya njano iliyochakaa kwenye mikunjo, maandishi ya wino uliofifia.

"Hii ni stakabadhi ya shamba la babu mzaa babu yangu, Jokhan. Magh tarehe tatu, 1968. Kijijini kwetu kaya arobaini na tatu zina karatasi kama hizi. Ardhi ilichukuliwa zamani, mnajua hadithi, sina haja ya kuwasimulia. Sasa kuna tume ya ardhi, inapokea madai mpaka mwisho wa mwezi wa Kartik. Fomu inajazwa kwenye kompyuta tu. Ukiandika 1968, kompyuta inasema tarehe haipo, na fomu haiendi." Akaniangalia. "Hayo maneno, dada, 'tarehe haipo,' ni ya Patro. Nimefuatilia mpaka nikakuta ulipoyaandika."

Moto ulinipanda usoni, nikafanya ninachofanya siku zote moto ukinipanda: nikaongeza sauti.

"Na ni maneno ya kweli! Patro haisemi uongo. Kwa mwaka ambao sina kalenda yake mkononi, sijui. Nikikokotoa, nakisia. Leo nikisie 1968, kesho mtu akisie 2110, mtoto asajiliwe kwa tarehe ya kubuni, halafu kalenda ichapishwe tofauti. Nani atalaumiwa? Mimi!"

"Hapo una haki," Phulmati alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, si kwa kukubaliwa.

"Una haki kabisa," aliendelea. "Injini yangu lazima iseme kwamba haya ni makadirio. Nitaweka alama kwenye kila jibu la mwaka usio na kalenda iliyokubaliwa. Tume inakubali makadirio, mradi karatasi yenyewe iambatanishwe, na karatasi tunazo. Lakini kuna jambo jingine. Kwa miaka yako mia moja na kumi na sita, yote, siku kwa siku, injini yangu na jedwali lako tunajibu sawasawa. Sijakosea hata siku moja."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Lile neno lilinigusa, maana ni neno langu. Ila sikumwonyesha.

"Basi tatizo ni hayo kumi na manne," alisema Ratnaman, akijisogeza ukutani apate pa kuegemea. "Njia ni tatu. Tuyafute. Au tuyaache palepale na kuyawekea bawabu: injini ya jedwali iulizwe, isiyo ya jedwali iruke. Au yahame, yakakae na jedwali kwenye folda yake."

"Ya nne," nilisema. "Aandike programu yake ifaulu kama wengine."

"Wengine wepi, Hira? Injini ni moja, ya kwako! Umetunga mtihani, ukaufanya peke yako, ukashika namba moja darasani. Hongera."

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Nikamwambia Ratnaman kwamba nyama ile aliyokula ataitapika. Akajibu kwamba ilikuwa tamu, haitoki.

"Kuyafuta sikubali," nilisema. "Yanalinda jedwali. Mtu akigusa mstari mmoja kwa bahati mbaya, hayo ndiyo yatakayopiga kelele."

"Mimi pia sikubali yafutwe," alisema Phulmati. "Na bawabu sitaki. Leo mabawabu kumi na wanne. Akija mtu na injini ya tatu, ataongeza wake, wa nne naye wake. Folda ya Wote itakuwa ya kila mtu na mambo yake, na anayetaka kujua Patro inaahidi nini hasa hatajua asome wapi."

"Basi unataka yahame. Yafichwe nyumbani kwa mtu, siku moja mwenyewe ayafute hakuna anayeona."

"Kwani kuhama ni kufichwa? Yaendeshwe kila siku kama ya wote, na nyekundu yake ionekane na wote. Tofauti ni moja tu, kwamba hayamhukumu mgeni." Akaisukuma kompyuta yake juu ya mkeka mpaka ikafika kwangu, ikipita mbele ya watu saba kwa mpangilio wa ukongwe. "Dada, hujayafungua. Naona kwenye kumbukumbu kwamba hujayafungua. Yasome kwa sauti. Ukikuta hata moja linalozungumzia siku na miezi, na si mpangilio wa kabati lako, nafunga mkoba naondoka."

Eboo! Mtoto huyu! Nilivaa miwani kwa hasira hata nikajichoma jicho.

"La kwanza," nilisoma. "Jedwali liwe na mistari mia moja na kumi na sita."

"Mimi sina jedwali. Nina mistari sifuri. Nyekundu."

"La pili. Kila mstari uwe na namba kumi na tatu."

"Miezi kumi na miwili na jumla yake. Vizuri. Mimi sina mistari."

"La tatu. Mstari wa kwanza uwe wa 1975." Nikaharakisha. "La nne, wa mwisho uwe wa 2090. La tano, faili la jedwali lifunguliwe mara moja tu. La sita, faili likikosekana, litajwe jina lake…"

"Hira," alisema Ratnaman kwa upole, jambo ambalo hajalizoea. "Nikija kwako kula, unanipima kwa idadi ya vyungu vya jikoni kwako? Sijawahi hata kupanda huko."

Nilisoma la saba, la nane, la tisa, na kila nililosoma lilikuwa vyungu vyangu. Miaka kumi na minane nilikuwa nimewaambia watu kwamba Folda ya Wote ndiyo sheria ya kalenda, kumbe robo ya kurasa zake za mwanzo ni habari zangu mwenyewe. Niliona aibu. Naisema wazi kwa sababu ni kweli: niliona aibu mbele ya watu wangu, nyumbani kwangu, na mgeni wa mwisho wa mkeka ndiye aliyenivua nguo.

Likabaki la kumi na nne. Nililijua kabla ya kulifikia. Nikasoma kilichoandikwa chini yake, maana kompyuta jaribio likifeli hueleza ilitegemea nini na ikapata nini.

*Jaribio: babu. Lililotegemewa: tarehe haipo. Lililopatikana: Jumanne, Februari 20, 1917.*

Nikasoma tena, mara hii kimya.

"Jumanne," nilisema.

"Ni makadirio," Phulmati alisema haraka. "Alama nitaweka, nimeshasema. Huyu 'babu' simjui ni nani, nilidhani ni jina tu la—"

"Subiri."

Nikaivuta kompyuta mapajani. Nikaiuliza injini yake swali ambalo jedwali langu halijawahi kuweza kujibu: tangu Phagun tisa, 1973, mpaka Asoj kumi na sita, 2051, siku tuliyomvuta babu kwenye kigari, ni siku ngapi?

Ikajibu kabla sijatoa kidole.

*28348.*

"Dada," Phulmati alisema. "Imekosea? Niambie tu. Kama imekosea nitatafuta nilipokosea."

Nilikuwa naiona ile bahasha na penseli iliyotafunwa, na yeye na maua yake puani. Watu wote walikuwa wananitazama, Ratnaman amekwisha kunyanyuka nusu akidhani nimeshikwa na moyo.

"Siku elfu ishirini na nane!" nilipiga kelele, na nyumba ikarudisha sauti. "Mia tatu arobaini na nane! Nenda kahesabu!"

Ratnaman akakaa chini kwa kishindo. Yeye ni wa mtaa huu huu; siku ile alikuwa mmoja wa waliovuta kamba. Uso wake ukabadilika polepole, halafu akaanza kucheka na kujifuta macho kwa wakati mmoja. Wengine wakabaki hawaelewi mpaka nilipowasimulia, kigari, mpinzani, chungu cha maziwa mgando na vyote. Phulmati alisikiliza mikono imeshika magoti.

"Kwa hiyo alikokotoa kama mimi," alisema mwishowe.

"Wewe umekokotoa kama yeye," nilimsahihisha, maana bado mimi ni mimi. "Na hakuna mtu katika ukoo wangu aliyeweza tangu afe. Mimi nilinakili matokeo yake. Nilinakili vizuri kuliko mtu yeyote, lakini nilinakili."

Sijui kama mtu anaweza kujivuna huku anajikosoa. Mimi niliweza. Nilijivunia babu, nikajivunia jedwali langu lililokubaliana naye siku kwa siku, na nikamjivunia huyu msichana wa Dang kana kwamba nimemzaa, wakati nusu saa nyuma nilitaka kumteremsha ngazi.

Kazi niliifanya mwenyewe, pale pale, mbele yao. Nilifungua folda mpya ubavuni mwa jedwali, nikayahamisha kumi na manne yote, moja baada ya jingine, nikaagiza yaendeshwe kila siku pamoja na ya wote. La babu nililiacha kama lilivyo. Jedwali langu halimfikii, na hilo ni kweli, nalo lilindwe. Kwenye Folda ya Wote nikaongeza moja jipya linalomhusu kila injini, yangu na ya atakayekuja: jibu lisilo na kalenda iliyokubaliwa liwe na alama ya makadirio. Mikono minane ikanyanyuka. Ratnaman akanyanyua yote miwili, nikamwambia ashushe mmoja.

"Sasa fungua folda yako," nilimwambia Phulmati. "Injini yako nayo ina vyungu vyake. Uvilinde. Na la babu, lile la Jumanne na siku zake zote, tuliandike humo liwe la kwanza."

"La babu andika wewe," alisema. "Lakini la kwanza hapana."

"Unasemaje?"

"Nyumba ni yangu, dada. La kwanza ni la Jokhan." Akaiweka ile stakabadhi ya njano juu ya mkeka, akaanza kuandika: Magh tarehe tatu, 1968. Hakuniangalia kuona kama nimekasirika.

Nilikasirika, kidogo. Kisha nikatoa bahasha ya babu akilini mwangu, nikaandika la pili.

Nikapanda juu kuchemsha chai. Nilipofika mlango wa jikoni nikageuka, nikamwita Phulmati aje anisaidie kubeba vikombe. Ratnaman alikohoa kwa makusudi, miaka yote hiyo na yeye hajapaona. Nikamwambia akae alipo.

Toleo jipya la Patro tulilitoa kabla ya sikukuu ya Dashain. Ofisi ya tume ikachukua wiki mbili kulichomeka, nami niliwapigia simu kila asubuhi mpaka karani akawa ananitambua kwa pumzi. Tihar, sikukuu ya taa, ikaja na kupita. Siku tatu kabla ya Kartik kuisha nilikuwa nakwaruza masizi ya taa dirishani, simu ikalia. Ilikuwa picha kutoka Dang. Fomu ya Jokhan Chaudhari, tarehe imekaa mahali pake, alama ndogo ya makadirio pembeni, na chini yake mhuri: imepokelewa. Chini ya picha Phulmati alikuwa ameandika maneno machache, naye amejifunza kuandika kifupi: "Zote arobaini na tatu, dada. Hukumu bado. Lakini sasa tarehe ipo."

Nilishuka ngazi hivyo hivyo, mikono myeusi, sikuvaa hata shali. Duka la shaba pale kona sasa ni la mtoto wa yule mpinzani wa babu, mzee naye, anayekaa mlangoni akipiga miayo. Nilisimama mbele yake katikati ya njia, pikipiki zikinipigia honi kushoto na kulia.

"Arobaini na tatu!" nilimwambia.

"Arobaini na tatu nini, we mama?" aliuliza, akishtuka.

"Nenda kahesabu!"

Jioni alikuja kubisha hodi na chungu cha maziwa mgando. Hakujua ni cha nini, alisema, ila baba yake alimwambia zamani kwamba Joshi akikupigia kelele namba, usibishane. Nilikula nusu, na nusu nikamwitia Ratnaman.